Watoto Wadogo Wana Mahali Pao Katika Misa



Katika somo lililopita tulieleza kwa nini Kanisa linawabatiza watoto wachanga. Leo twaendelea na jambo linalofuata. Mtoto akiisha kubatizwa, tumfanyeje siku ya Dominika? Je, aje Misani pamoja nasi, ama abaki nyumbani mpaka apate akili?

Swali hili si dogo. Twajua akina mama wengi ambao tangu walipozaa hawaonekani tena kanisani. Si kwamba imani yao imepoa. Ni kwa sababu siku moja mtoto alilia wakati wa mahubiri, watu wote wakageuka kumtazama, mmoja akamwonyesha mlango kwa kidole, naye mama akaona haya. Dominika iliyofuata alibaki nyumbani. Mtoto huyo alipoanza kutembea, mwingine alikwisha kuzaliwa. Na hivyo miaka 6, 7, hata 10 inapita. Katika vijiji ambako padri hufika mara chache tu kwa mwaka, mama huyo anakosa hata Komunyo ya Pasaka. Nao watoto wake wanakua wakilijua kanisa kwa nje tu, kama nyumba ya watu wengine. Basi, tunaposema habari ya watoto katika Misa, twasema pia habari ya mama zao, na habari ya Kanisa litakalokuwapo hapa kijijini sisi tutakapokuwa tumelala kaburini.

1. Mtoto aliyeletwa hekaluni

Tuanze na Bwana wetu mwenyewe. Injili ya Mtakatifu Luka yatueleza kwamba Yezu, alipokuwa mtoto mchanga, alichukuliwa na wazazi wake mpaka hekalu la Yeruzalemu ili atolewe kwa Mungu. Twaiadhimisha sikukuu hiyo kila mwaka tarehe 2 Februari, siku ya 40 tangu Noeli. Siku ile Yezu hakusema neno, hakusimama wala hakupiga magoti. Alibebwa mikononi. Hata hivyo hekalu lile halikupata kamwe kupokea toleo kubwa kuliko lile. Tena angalieni ni nani waliompokea: wazee wawili, Simeoni na Ana. Ana alikuwa mjane mwenye umri mkubwa, aliyezoea kusali na kufunga usiku na mchana. Hakunung'unika kwamba mtoto anamvurugia sala zake. Alimshukuru Mungu, akaanza kuwasimulia watu habari za mtoto yule.

Baadaye, Yezu akiwa mtu mzima, watu walimletea watoto wadogo ili awaguse. Wafuasi waliwakemea, wakidhani kwamba Bwana ana kazi kubwa zaidi. Mtakatifu Marko asema kwamba Yezu alichukizwa na jambo hilo. Aliwakumbatia watoto, akawawekea mikono, akawabariki. Basi, yeye anayemfukuza mtoto mlangoni na ajiulize: je, niko upande wa Bwana, ama upande wa wafuasi siku ile walipokosea?

2. Mtoto anaelewa nini?

Wengine hutuambia: "Mtoto wa miaka 3 haelewi Misa. Afadhali angoje." Ni kweli kwamba haelewi kama mtu mzima. Lakini tufikiri kidogo. Je, mama hungoja mpaka mtoto aelewe lugha ndipo aanze kusema naye? La, humsemesha tangu siku ya kwanza, na mtoto hupata lugha kwa kusikia. Tena, ni nani aliyetufundisha kucheza ngoma? Tulikuwa mgongoni mwa mama, tumefungwa kwa kitenge, naye mama akicheza. Miguu yetu ilikuwa haijakanyaga chini bado, na tayari mwili ulijua mapigo. Kupokea kitu kwa mikono miwili, kuwapisha wakubwa, kunyamaza penye kilio: hayo yote tuliyafanya kwanza, na maana yake tulielezwa baadaye.

Ndivyo ilivyo kwa sala. Mtoto husali kwa mwili kabla hajasali kwa maneno, na husali kwa maneno kabla hajaelewa maana yake yote. Mwenyezi Mungu ajua hivyo. Alipowaagiza Waisraeli kufanya ibada ya Pasaka kila mwaka, aliwaambia kwamba watoto wao watauliza maana ya ibada ile, na wazazi wawajibu. Mtoto hawezi kuuliza maana ya kitu asichokiona. Yampasa awepo kwanza.

Mkumbukeni pia Samweli. Alikuwa mtoto mtumishi katika hekalu la Silo, naye alilala mle ndani, mahali palipokuwa na sanduku la Mungu. Usiku mmoja Mungu alimwita mara tatu, naye mara tatu akamkimbilia mzee Eli, akidhani ndiye aliyeita. Hakuitambua bado sauti ya Bwana. Macho ya Eli yalikuwa yamefifia kwa uzee, lakini mzee alifahamu, akamfundisha mtoto neno la kujibu. Mungu alipoita tena, Samweli aliitika vema. Huo ndio mfano wa kazi yetu: mtoto yupo, Mungu anaita, na mkubwa amfundisha kuitika.

Kanisa nalo limetuonyesha njia. Zamani, katika nchi nyingi, watoto walicheleweshwa Komunyo ya kwanza mpaka miaka 10, 12 hata 14. Tarehe 8 Agosti 1910, Papa Pio wa Kumi aliamuru kwamba mtoto apatapo akili, yaani karibu na mwaka wa 7, akijua kwa kadiri yake mafumbo makuu ya imani, na akijua kwamba mkate wa Ekaristia si mkate wa kawaida, asinyimwe Komunyo. Basi, ikiwa mtoto wa miaka 7 aitwa mezani pa Bwana, ile miaka 6 ya kwanza ndiyo njia ya kufikia meza hiyo. Mtoto asiyeingia kanisani miaka hiyo yote, tutamfundisha nini katika miezi michache?

3. Matayarisho ya nyumbani

Misa ya mtoto yaanzia nyumbani. Jambo la kwanza ni ishara ya msalaba. Kila jioni, kabla ya kulala, baba ama mama ashike mkono wa kuume wa mtoto na kumwongoza polepole: paji la uso, kifua, bega la kushoto, bega la kuume. Msiifanye haraka kama mtu anayefukuza nzi. Mtoto akiona baba yake, mwenye nguvu na mwenye kuheshimiwa, anapiga magoti chini na kuinamisha kichwa, amekwisha kusoma somo kubwa kuliko yote tunayoweza kumpa. Kwa hiyo twawaomba akina baba: msiwaachie wake zenu kazi hii peke yao.

Jambo la pili ni maneno. Usimfundishe mtoto majibu yote ya Misa kwa mara moja. Mpe neno moja, alishike, kisha lingine. Aanze na "Amina". Mwambie: "Kesho, padri ama katekista akimaliza sala, sote tutaitikia Amina. Wewe nawe uitikie kwa nguvu." Mtoto atangojea neno lake kama mtu anayengojea kuitwa jina lake. Mwezi ujao mwongezee "Aleluya", kisha wimbo mmoja, kisha Baba Yetu sehemu kwa sehemu.

Jambo la tatu ni hadithi. Siku ya Jumamosi, watu wakiwa wameketi karibu na moto, baba ama mama asimulie Injili ya kesho yake kwa maneno machache. Asiyejua kusoma amwulize katekista mapema. Mtoto akiisikia kanisani atasema moyoni: "Hii naijua."

Jambo la nne ni tumbo. Wengine huwaleta watoto wadogo bila chakula, wakidhani kwamba nao wafunga kabla ya Komunyo. Mfungo huo ni wa wale watakaokomunika, nao siku hizi ni wa saa moja tu kabla ya kupokea. Mtoto asiyekomunika bado apewe uji ama kiazi kabla ya kuondoka nyumbani. Mtoto mwenye njaa, aliyetembea saa mbili juani, hana budi kulia. Mkifika, apumzike, anywe maji, apelekwe chooni, ndipo mwingie.

4. Ndani ya kanisa

Mkiisha kuingia, mwekeni mtoto mahali anapoona. Katika makanisa yetu mengi watoto huachwa nyuma, na kitu pekee wanachokiona ni migongo ya watu. Mtoto asiyeona altare atatafuta kitu kingine cha kutazama: mjusi ukutani, kuku anayepita mlangoni, mwenzake wa kuchokozana naye. Akina mama wenye watoto wadogo na wapewe nafasi mbele, upande ulio karibu na mlango wa pembeni kama upo, ili waone vizuri na waweze kutoka bila kupita katikati ya watu.

Kisha mwonyesheni mtoto, kwa sauti ndogo sikioni, jambo moja moja linapotendeka. "Tazama, anakibusu kitabu." "Tazama, mishumaa." "Sasa kengele italia, tunyamaze, Yezu anakuja." Maneno machache yatosha. Kumwambia mtoto "nyamaza" kila mara ni kazi bure. Kumwambia anyamaze kwa ajili ya nani, hilo hulishika. Hata wadogo wetu wajua kunyamaza mfalme apitapo.

Mpeni pia kazi ya mikono. Apige makofi wakati wa kuimba. Atoe mkono wa amani kwa jirani. Wakati wa kupeleka matoleo, mkabidhini kitu chake mwenyewe: yai, hindi moja, kiganja cha maharage. Asikibebe mama kwa niaba yake. Akifika mbele na kukitoa kwa mikono miwili, atajua kwa mwili wake kwamba katika Misa mtu haendi kupokea tu, bali pia kutoa. Na pale padri anapokubali, mtoto asiyekomunika bado afuatane na wazazi wake wakati wa Komunyo, mikono yake imekunjwa kifuani, apate baraka.

Wengine huuliza: "Je, kucheza mbele ya altare hakuwafanyi watoto wadhani kwamba Misa ni mchezo?" Twajibu: kuna kucheza kwa furaha ya Mungu, na kuna mchezo wa kupoteza wakati. Mfalme Daudi alicheza mbele ya sanduku la Agano. Mwaka 1988 Roma ilikubali misale ya majimbo ya nchi yetu, iliyoitwa Zaire wakati ule, na ndani yake mwendo wa kucheza umepata mahali katika maandamano na katika wimbo wa Utukufu. Mtoto anayefundishwa hatua zake kwa heshima, aliyevaa safi, ambaye anajua ni wakati gani wa kucheza na ni wakati gani wa kutulia, anajifunza ibada. Lakini asifundishwe kutafuta sifa ya watu.

5. Mtoto akilia

Hata tukifanya hayo yote, mtoto atalia siku moja. Mtoto ni mtoto. Basi, afanyeje mama? Akiona kwamba kilio hakipoi, atoke nje taratibu, ambembeleze, amnyonyeshe, kisha arudi. Twarudia: arudi. Mlango wa kanisa si wa kutokea tu. Kama baba yupo, amchukue yeye mtoto, hata kama ameketi upande wa wanaume. Si aibu kwa mwanamume kumbeba mtoto wake nyumbani mwa Mungu. Mtakatifu Yosefu alimbeba Yezu katika safari ndefu mpaka Misri.

Na wengine wafanyeje? Wasigeuke. Wasisonye. Aliye karibu anyoshe mikono na kumsaidia mama. Na mlinzi wa kanisa mwenye fimbo aiache nyumbani. Fimbo humfundisha mtoto kuogopa mlinzi, haimfundishi kumcha Mungu. Siku mtoto huyo atakapokuwa na nguvu za kuikimbia fimbo, atalikimbia na kanisa pia.

Tena tusizidishe upande wa pili. Kumpokea mtoto si kumwachia akimbie mpaka altareni, ama apige kelele wakati wa mageuzo huku wazazi wakicheka. Udongo uwahi ungali maji, wasema wazee. Mtoto wa miaka 4 aweza kutulia kwa muda mfupi, wa miaka 6 kwa muda mrefu zaidi, kama wakubwa wanamsaidia na kama wenyewe hawazungumzi. Maana mtoto anayewaona wakubwa wakinong'onezana habari za soko wakati wa Misa, tutamkemea kwa kinywa gani?

6. Kazi ya jumuiya yote

Tarehe 1 Novemba 1973, ofisi ya Roma inayosimamia ibada ilitoa mwongozo juu ya Misa pamoja na watoto. Yafundishwa humo kwamba watoto wakiwa pamoja na wakubwa Misani, wasijione wamesahauliwa: padri aseme nao maneno machache katika mahubiri, na wapewe kazi fulani kama kuimba ama kuleta matoleo. Tena mwongozo huo wakubali kwamba watoto wachanga waweza kutunzwa mahali pengine na wasaidizi, kisha waletwe mwishoni wapate baraka pamoja na wote. Jumuiya zetu zaweza kufanya hivyo hata chini ya mwembe: kila Dominika wasichana wakubwa wawili na mama mmoja, kwa zamu, ili wale wengine wasali kwa utulivu. Pale ambapo hakuna padri na katekista ndiye anayeongoza sala ya Dominika, mambo hayo ni mepesi zaidi, maana katekista awajua watoto wote kwa majina.

Tusiwadharau watoto wetu. Huko Kamina, katika Katanga, Padri Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, aliunda kwaya ya wavulana wa shule pamoja na walimu wao. Misa yao iitwayo Missa Luba, yenye maneno ya Kilatini na nyimbo za mtindo wa kwetu, iliimbwa misioni Kamina tarehe 23 Machi 1958. Mwaka ule ule walisafiri mpaka Ulaya wakaimba huko. Sauti za watoto wa Kongo ndizo zilizowaonyesha watu wa mbali kwamba Mwafrika aweza kumsifu Mungu kwa nyimbo zake. Naye Mtakatifu Kizito wa Uganda alikuwa na umri wa miaka kama 14 alipochomwa moto huko Namugongo tarehe 3 Juni 1886, kwa ajili ya Kristu. Ni mdogo kuliko wenzake wote, na leo vikundi vya watoto katika parokia zetu vyaitwa kwa jina lake na la Mwenye Heri Anuarite.

Neno moja la mwisho, nalo ni zito. Katika vijiji vyetu wako watoto ambao hawana mtu wa kuwashika mkono. Vita imewaua wazazi wao ama imewatawanya. Wengine waishi kwa bibi aliyechoka, wengine kwa watu wasiosali. Watoto hao huja wenyewe mpaka mlangoni mwa kanisa, husimama hapo na kuchungulia. Nguo zao zimeraruka, nao waona haya kuingia. Wakristu, mtoto huyo ni wa nani? Siku ya ubatizo wa watoto, sisi sote tulikuwapo kama jamaa moja. Basi, kila familia inayokwenda Misani na itazame mlangoni. Ukimwona mmoja, mshike mkono, mketishe pamoja na wanao, mpe naye hindi lake la kupeleka altareni.

Maulizo ya kuzungumza baada ya somo

Katekista awaulize watu maulizo haya, nao wayajibu kwa maneno yao wenyewe.

Ulizo: Yezu alipelekwa hekaluni kwa mara ya kwanza akiwa na umri gani, na ni nani waliompokea?
Jibu: Alipelekwa akiwa mtoto mchanga, na wazee wawili, Simeoni na Ana, walimpokea kwa furaha.

Ulizo: Mtoto asiyeelewa maneno ya Misa aweza kusali?
Jibu: Ndiyo. Aweza kusali kwa mwili wake, kwa ishara ya msalaba, kwa wimbo, kwa toleo na kwa kunyamaza.

Ulizo: Mama ambaye mtoto wake analia afanyeje?
Jibu: Atoke taratibu, ambembeleze, kisha arudi, na jirani zake wamsaidie.

Ulizo: Katika kijiji chetu, ni mama gani ambao hatujawaona kanisani tangu walipozaa, na ni nani atakayekwenda kuwaita?
Jibu la ulizo hili hatuliandiki hapa. Kila jumuiya itajijibu yenyewe, na ijibu kabla ya Dominika.

Na tuombe. Ee Bwana Yezu, uliyebebwa mikononi mwa Mama yako mpaka nyumbani mwa Baba yako, uwabariki watoto wetu na wale wanaowabeba. Utupe uvumilivu wa mzee Eli na furaha ya Ana mjane. Asikose mtoto hata mmoja mtu wa kumshika mkono mpaka altareni pako. Amina.

Wakristu wapenzi, katika somo lijalo tutaeleza jinsi ya kumtayarisha mtoto kwa kitubio na Komunyo ya kwanza. Kaeni na amani ya Kristu.